Jina Lililoitika Kalemie

Jeppestown, Johannesburg
9 Februari 2025

Shemeji Mamie,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na karakana za chini zinaingia maji, lakini wa ghorofa ya tatu tunatazama tu dirishani. Nakuandikia barua pepe kama ulivyotaka, kwa kuwa simu ya nyumbani kwako ina masikio ya Shangazi Angélique, na mambo mengine ni ya shemeji na shemeji.

Kazi aliyoiacha mkubwa wangu Octave naiendeleza kadiri ninavyoweza. Mtandao wa jengo unakwenda. Mafundi cherehani, kanisa la ghorofa ya kwanza na wale walinzi Warundi wote wanawapigia simu watu wao bure. Programu ya majina ni ileile aliyoikuta Octave ndani ya kompyuta iliyotupwa na ofisi moja ya Braamfontein. Ni ya kale mno. Inasemekana iliandikwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani miaka ya themanini, mashine zote za mtandao zilipokuwa bado zinahesabika. Wiki iliyopita fundi mmoja wa mitambo aliiona akaniuliza kama naiamkia asubuhi. Wapangaji wapya nao wanauliza inafanya nini. Nawaambia kama Octave alivyokuwa akisema: mashine hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Wewe unaita jina, programu inakutafutia namba, simu inalia kwa mwenyewe.

Sasa jambo langu. Ile mashine msaidizi aliyokuwekea shuleni, inayonakili majina kutoka huku na kuwajibu watu wa Kalemie, umeitazama siku za karibuni? Nilibadilisha kitu mwezi wa Novemba. Sitasema ni kitu gani, si vizuri kukisema. Tazama majina tu, kisha uniandikie yakoje.

Karatasi zangu za ukimbizi bado haziniruhusu kuvuka mpaka na kurudi. Vinginevyo ningekuja mwenyewe.

Elisée

*

Kalemie
23 Februari 2025

Shemeji Elisée,

Barua yako nimeipata. Nimetazama kama ulivyoagiza. Majina yote yapo, kama marehemu alivyoyaacha. Hakuna lililopungua. Mashine nimeipangusa vumbi na kuisogeza mbali na dirisha.

Huku hakuna jipya. Nafundisha fizikia kwa nguo nyeusi, mwaka na nusu sasa. Chaki inaonekana sana kwenye nguo nyeusi, na wanafunzi wamezoea kuniona nikijikung'uta kabla sijatoka darasani.

Shangazi alikuja Jumapili, akasimulia tena habari za kifo cha baba yenu: jinsi baba yenu mdogo alivyoingia chumbani, akakifungua kitanda cha marehemu mbao kwa mbao, akakitoa uani bila kusema neno, na mama yenu akajua kuwa matanga yameanuliwa, yuko huru kwenda apendako. Alisema mjane wa nyumba yenu hafunguliwi kwa maneno, hufunguliwa kwa kitendo, na kitendo ni cha ndugu wa marehemu na si cha mtu mwingine. Alikuwa akinitazama sana. Nikamwongezea chai. Nilipoolewa kwenu nilifundishwa kwamba aliyefungwa haombi kufunguliwa.

Kitanda changu bado kimesimama.

Ni nani anayekaa katika chumba cha marehemu siku hizi? Nauliza tu.

Mamie

*

Jeppestown
6 Aprili 2025

Shemeji Mamie,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa nikifikiri, na mimi nikifikiri sifanyi kazi nyingine yoyote.

Umesema majina yote yapo, hakuna lililopungua. Nimekuelewa. Wewe ni mwalimu, na mkono wako unaweza kuandika kwenye mashine hiyo sawa na wangu. Ukiona jambo linafaa kubaki, basi libaki. Sitagombana na huzuni ya mtu.

Ila niseme ukweli kuhusu maisha ya huku, usije ukadanganywa na picha ambazo watu wanatuma nyumbani. Chumba changu kinatosha kitanda kimoja na meza ya kazi, na meza ndiyo kubwa. Umeme ukikatika tunapika kwa gesi kwenye korido, jengo zima. Mwalimu wa Kikongo hapa hapewi darasa. Namfahamu mmoja, alikuwa mkuu wa shule kwao Uvira. Sasa anauza soksi mjini, pale penye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Taa ikiwa nyekundu anauza, polisi wakitokea anakimbia. Mwanamke aliyezoea heshima yake hawezi kuishi hivyo, na mimi sina uwezo wa kumwepusha nayo.

Shangazi alinipigia simu. Alisema wanawake wa nyumba yetu hawatoki nje ya nyumba, na kwamba mkubwa akifa kuna mdogo. Nilimwambia laini inakatika.

Chumba cha marehemu anacho mpangaji, mtu wa kazi, mwenye adabu zake. Usijali kuhusu hilo.

Elisée

*

Kalemie
18 Mei 2025

Shemeji Elisée,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kama ninavyosoma karatasi ya mwanafunzi aliyeandika sana bila kujibu swali.

Nikuambie kilichotokea huku. Mwezi wa Machi, siku ya kuzaliwa kwa Octave, nilikaa mbele ya mashine nikaandika jina lake. Sikutarajia kitu. Mtu huita jina la marehemu wake, hakuna sheria inayokataza. Simu ikalia. Kisha ikapokelewa, na sauti ya mwanamke ikasema: "Allô, saluni hapa, karibu. Unataka kusuka ao kuosha?" Nyuma yake kulikuwa na muziki na mashine ya kukaushia nywele. Nikakata. Sikumwambia mtu wa nyumba yenu. Ndiyo sababu sikukuandikia hadi uliponiandikia wewe, na ulipoandika ukasema mpangaji ana adabu.

Wiki iliyopita Shangazi alikuja shuleni na wazee wawili. Sijui nani alimwambia kwamba jina linalia. Akaniamuru niliite mbele yao. Niliita, likalia, nikakata kabla halijapokelewa. Akawageukia wazee: "Munaona? Jina ya mutoto yetu ingali inaitika. Elisée hajaifuta. Huyu angali bibi wetu." Wazee wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nikarudi darasani.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, kwa kuwa adabu imeshindwa. Huyo mwanamke ni nani kwa mume wangu? Kama Octave alikuwa na mtu huko, niambie. Nitaumia, lakini heri kuumia mara moja. Na kama mmekusudia nibaki kwenu, au nipokelewe na wewe, sema kwa kinywa chako, usinichoree udogo wa chumba chako. Sikuomba kuja Johannesburg. Unaandika "libaki" kana kwamba ni kiti. Anayebaki ni mimi.

Kuna jambo langu linalonisubiri hapa Kalemie. Halitasubiri milele, na mimi sina namna ya kulijibu wakati nyumba yenu imenishika.

Mamie

*

Jeppestown
19 Mei 2025

Shemeji Mamie,

Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Kwanza Octave. Hakuwa na mtu. Huyo uliyemsikia ni Arlène, mtoto wa Lubumbashi, anasuka nywele katika chumba kile. Ni mtu wangu mimi. Nataka kumwoa, lakini siwezi kupeleka watu kwao kabla mambo yako hayajaisha, kwa hiyo nikamfanya mpangaji. Ni mpangaji kweli, ila si mpangaji tu. Namba za mtandao wetu ni chache, na ile iliyokuwa ya mashine ya Octave nilimpa yeye, baada ya kulifuta jina la Octave.

Ndiyo, nililifuta. Ndicho kitu nilichokibadilisha Novemba. Kitanda kiko Kalemie na mimi niko huku, siwezi kukifikia. Nilitafuta kitu chake ambacho bado kimesimama na ambacho mkono wangu unakifikia, nikaona ni jina. Nikalifuta kama baba mdogo alivyofungua kitanda, bila kusema, na siku hiyo sikula. Kisha nikangoja ulione pengo. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo nilivyojisemea. Nilipoona miezi inapita nikakusukuma kidogo kwa ile barua ya Februari, ukajibu kuwa majina yote yapo, hakuna lililopungua. Nikaamini umelirudisha kwa mkono wako. Nikaamini hutaki kufunguliwa. Na Shangazi aliponipigia, nikaamini unanisubiri mimi. Tangu Aprili nakuogopa, shemeji. Arlène ananicheka.

Nimeliita jina sasa hivi kutoka hapa. Programu inajibu kwamba halipo. Kwa nini huko lipo, sijui, ila nahisi mahali pa kutazama. Fungua faili la majina kwenye mashine yako. Juu kabisa kuna namba ndefu: mwaka, mwezi, siku. Kila tunapobadilisha kitu huku tunaandika hapo tarehe mpya, na mashine yako inalinganisha. Ikiona namba ya huku ni kubwa kuliko yake, inajua kuna habari mpya, inanakili. Ikiona ni ndogo, inasema hiyo ni habari ya zamani, inaendelea na yake. Nisomee namba hiyo.

Elisée

*

Kalemie
25 Mei 2025

Shemeji,

Namba inaanza na 2032.

Niliitazama muda mrefu nikidhani macho yangu yamechoka. Mwezi wa nane, tarehe kumi na moja, mwaka 2032. Alitaka kuandika 2023, tarakimu mbili zikapishana. Ile Agosti alikuwa hospitalini, na aliniandikia siku hiyohiyo kwamba ameingiza jina la mpangaji mmoja kwa kutumia simu akiwa kitandani, na kwamba vidole vinatetemeka. Nilimjibu apumzike. Siku ya tatu yake mlinipigia simu ya msiba.

Mashine yangu ilinakili, kwa kuwa 2032 ni kubwa kuliko namba yoyote iliyoijua. Baada ya hapo ukaja wewe, ukaandika tarehe za kweli kama alivyokufundisha, bila kutazama aliyoiacha yeye. Zote zilikuwa ndogo. Kila ulichobadilisha tangu umzike, mashine hii imekikataa kwa utii kabisa. Wala haikunyamaza. Kuna faili jingine ambamo imekuwa ikilalamika kuwa namba ya Johannesburg iko nyuma ya yake, lalamiko lilelile, kurasa na kurasa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifungua. Mimi nilikuwa naipangusa vumbi tu.

Nilicheka hadi mwalimu mwenzangu akaja kuona kuna nini. Ni Juvénal, wa hisabati, Mrundi, mgane kwa miaka sita. Nawe sasa ulijue jambo langu. Ameniuliza mara mbili kama nitaolewa naye. Mara zote mbili nilimwambia siwezi kujibu wakati jina linaitika. Nilipomwonyesha namba aliitazama kwa makini, kama anavyotazama hesabu iliyokosewa, akasema, "Kwa hiyo ningekungoja hadi 2032." Hakusema kwa mzaha, na naamini angengoja.

Ningeweza kuifuta nakala hii mwenyewe. Mashine ingechukua upya kutoka kwako na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Lakini nikifuta mimi, Shangazi atasema nimejifungua kwa mkono wangu, na kwa desturi yenu atakuwa na haki. Nimekaa na nguo hizi hadi leo ili mtu asiwe na la kusema. Siwezi kuliharibu mwishoni. Kitendo ni chako, kifanye upya.

Arlène msalimie. Mwambie nilikata simu kwa sababu nyingine, si kwa ubaya wake.

Mamie

*

Jeppestown
28 Mei 2025

Shemeji Mamie,

Njia ninayoijua ni moja, kuandika huku namba iliyo kubwa kuliko ya mkubwa wangu. Niandike 2033, mashine yako itaamini ni habari mpya, itanakili, na jina litaondoka.

Nimeshindwa jana na juzi. Arlène anasema andika, unangoja nini. Yeye kwao ni kifungua mimba, hajui. Mimi sijawahi kumpita Octave kwa chochote. Nilikula baada yake, nilivaa mashati yake yalipombana, nilikuja Johannesburg kwa njia aliyoipita yeye, na kazi hii ninayoifanya ni yake. Alikosea tarakimu mbili akiwa anakufa, na mimi, ili kumsahihisha, sharti nikosee zaidi yake. Na nikishapanda juu ya namba yake sitashuka tena. Kila tarehe nitakayoiandika kuanzia sasa itakuwa ya uongo, na lazima iwe juu ya yake.

Basi nitaandika. Jumamosi tarehe 31, saa sita mchana, saa zetu ni moja. Mwite Shangazi na wale wazee wakae mbele ya mashine, waone kwa macho yao.

Na kwa kuwa kitendo kimeshapotea njiani mara moja, naongeza maneno, ingawa kwetu hayasemwi. Umemlilia mkubwa wangu, umemtunzia jina, hukumtia aibu. Sisi wa nyumba yake tumeridhika. Nakufungua, Mamie. Nenda kwa mtu unayemtaka. Barua hii unaweza kumsomea Shangazi.

Elisée

*

Kalemie
1 Juni 2025

Elisée,

Walikuja wote. Shangazi alikaa kwenye kiti changu, wazee kwenye madawati. Sikuwasomea barua yako. Niliona maneno yale ni yangu.

Saa sita niliita jina. Simu ikalia, Arlène akapokea, akaniita kama dada yake mkubwa, akasema polepole, "Bado, Yaya. Elisée iko naandika." Nikamshukuru. Niliita tena baadaye, ikalia tena, akapokea, nikamsikia anapumua. Mara ya tatu mashine ikaandika kuwa jina hilo halipo. Shangazi akataka nirudie. Nikarudia. Halipo. Akasimama, akanifungua kitambaa cheusi kichwani kwa mikono yake, akakikunja na kukitia kwenye mkoba wake. Akasema, "Basi, mwanangu." Wazee wakaomba maji ya kunywa. Jioni walikwenda nyumbani kwangu, wakakitoa kitanda uani kwa niaba yako.

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Nilitaka jibu lile kuliko kitu chochote. Lakini mchana uleule, walipotoka kunisubiri nje, niliandika jina tena. Halipo. Nikaandika tena na tena, nikitaka liitike, hata apokee msusi. Nililia pale mezani, Elisée, kwa sauti, mimi ambaye sikulia mliponipigia simu. Mlimzika huko na mimi nilikuwa hapa, siku ya mazishi nilikuwa na vipindi viwili na nilivifundisha vyote. Sikuona jeneza wala kaburi. Kwa miezi hii yote nilivaa nyeusi kwa ajili ya mtu ambaye, kwa hesabu za moyo wangu, alikuwa hajafa bado. Jana ndiyo nimemzika.

Nikanawa uso kwa maji ya maabara. Juvénal alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Nikamwambia aje Jumapili ijayo, na asije peke yake.

Mamie